Maneno ya ziada katika Kiingereza cha kila siku: maswali ninayoulizwa hapa Lamu

Nina meza na kompyuta karibu na Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu. Watu huniletea barua za maombi ya kazi, menyu, ujumbe wa kuwajibu wageni, maandishi ya vibao vya mashua, na mara nyingine insha za watoto, niwaangalizie Kiingereza. Makosa ya sarufi ni machache kuliko wenyewe wanavyohofia. Kinachonichosha kalamu ni maneno yaliyokaa bila kazi. Maswali ni yale yale kila wiki, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayotoa.

Maneno ya ziada ni yapi hasa?

Ni maneno ambayo maana yake imeshabebwa na jirani yake. Mtu akiandika "return back", ile "back" haina mzigo, kwa sababu "return" yenyewe ni kurudi. Vivyo hivyo "repeat again", "end result", "future plans", "round in shape" na "blue in colour". Bluu itakuwa nini kama si rangi? Na "advance booking" ni hivyo hivyo, kwani hakuna aliyewahi kuweka chumba cha jana.

Kipimo changu ni kidole. Lifunike neno kwa kidole, kisha soma sentensi upya. Kama msomaji hajapoteza kitu, neno liondoke. Kama amepoteza hata kitu kidogo, lirudishe na uliache kwa amani.

Liko kundi la pili, la vifungu virefu visivyorudia maana ila vinazunguka tu: "due to the fact that" badala ya "because", "at this point in time" badala ya "now", "in the event that" badala ya "if". Haya dawa yake ni kubadilisha, si kufuta.

Mbona sisi tunayapenda sana maneno haya?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake halituaibishi.

Sisi tumelelewa katika lugha ambayo urefu ni adabu. Ukikutana na mzee barazani humwambii unachotaka papo hapo. Utamsalimu, utamuuliza hali yake, ya nyumbani, ya watoto, naye atakuuliza, ndipo shida yako itajwe. Aliyekata salamu amekata heshima. Sasa mtu huyo huyo akiandika barua ya Kiingereza, moyo wake unamwambia kwamba sentensi fupi ni ya mtu asiyefunzwa. Anaongeza "kindly" juu ya "please", "confirmed" juu ya "accepted", na "I am writing this email in order to inform you" kabla ya habari yenyewe.

Kiingereza nacho kina adabu, lakini hakiiweki katika urefu. Kinaiweka katika maneno machache maalumu, kama "please", "thank you", "would you", "I am afraid", na katika kumjali msomaji asipoteze muda. Barua ya Kiingereza yenye "please" moja mahali pake ni ya adabu kamili. Ile yenye "kindly please" mara nne humfanya msomaji wa Uingereza au Marekani ahisi anasukumwa.

Kwa hiyo sikwambii uache heshima yako. Futa neno linalorudia maana, usifute neno linalobeba heshima. Wengi wakisikia "fupisha" hufuta hilo la pili, na barua hutoka kavu kama amri ya askari.

Nionyeshe basi kwa mfano wa kweli.

Nahodha mmoja, mtu mzima ambaye mimi humwita ami, aliniletea ujumbe wa kumjibu mgeni aliyeweka chumba na usafiri. Ulikuwa hivi:

"I am writing this email in order to inform you that your advance booking has been confirmed and accepted. Kindly please note that our boat will depart and leave from Mokowe at 10 a.m. in the morning. In the event that you will be late, kindly revert back to us by phone call so that we can be able to wait for you."

Ni maneno 63. Tulikaa na kidole. Barua pepe haihitaji kusema kwamba ni barua pepe. "Confirmed" na "accepted" zafanya kazi moja, na "depart" na "leave" pia. "Revert" ina tatizo zaidi ya kuwa na "back" nyuma yake. Huku kwetu, kama India, watu huitumia kwa maana ya kujibu, lakini Mwingereza wa kawaida huelewa kurudi katika hali ya zamani, na anaweza kukwama hapo akijiuliza arudie hali gani. Tukabaki na hii:

"Your booking is confirmed. Our boat leaves Mokowe at 10 a.m. If you are going to be late, please call us so that we can wait for you."

Maneno 28. Ami akautazama, akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, huyu mgeni atadhani tumemkasirikia." Alikuwa na haki. Tulikuwa tumetoa uzito, lakini "karibu" ilikuwa haimo, na kusema kweli hata katika ule ujumbe mrefu haikuwamo. Tukaongeza mwishoni: "We look forward to welcoming you to Lamu." Jumla ikawa maneno 36, na ya mwisho manane ndiyo yanayomkaribisha mgeni. Ule mrefu ulikuwa na maneno 63 na hakuna hata moja lililomwambia karibu.

"Can be able to" ina kosa gani? Kila mtu anaisema.

Ni kweli Wakenya wengi twaisema, hata redioni. Lakini "can" maana yake ni kuweza, na "be able to" ni kuweza. Ukizipanga pamoja umesema "naweza kuweza". Andika "we can wait" au "we are able to wait", moja kati ya hizo.

Angalia hapa lakini: "we will be able to wait" ni sahihi kabisa. "Can" haina umbo lake la wakati ujao, kwa hiyo Kiingereza huazima "be able to" kufanya kazi hiyo. Nimeona watu wakishasikia kwamba "be able" ni ya ziada wanaifuta kila mahali, na hapo wanaharibu sentensi nzima.

Na "although" ikifuatwa na "but"?

Hili latoka moja kwa moja kinywani mwetu. Kiswahili chasema, "Ingawa mvua inanyesha, lakini chombo kitaondoka," na hakuna anayeshtuka. "Ingawa" yafungua, "lakini" yapokea, kama watu wawili wanaobeba jiti moja la boriti. Kiingereza hakitaki wabebaji wawili. Ama "Although it is raining, the boat will leave," ama "It is raining, but the boat will leave."

Ndugu yake ni "the reason is because". Ndani ya "reason" sababu imeshatajwa, kwa hiyo "the reason is that", au anza tu na "because". Na "but however" pia, chagua mojawapo.

"Discuss about", "emphasize on", "request for", je?

Kwa Kiswahili twajadili kuhusu jambo na twasisitiza juu ya jambo, ndiyo maana vihusishi hivi hutufuata. Kwa Kiingereza "discuss the price", "emphasize safety". "Request" ina mtego: ikiwa kitenzi haitaki "for", kama "we request payment", ikiwa nomino yaitaka, "a request for payment". "Demand" yafuata njia hiyo hiyo. "Comprise of" ondoa "of".

Niandike "10 a.m. in the morning" ili mgeni asichanganyikiwe?

Hapana. Herufi hizo mbili ni kifupi cha Kilatini cha maana ya kabla ya adhuhuri, kwa hiyo asubuhi imo ndani tayari. Tunaiongeza kwa sababu sisi husema "saa nne asubuhi", na bila hiyo asubuhi, saa nne yaweza kuwa ya usiku. Kwa Kiingereza, "10 a.m." inatosha.

"12 noon" naiacha ipite. Ukiandika "12 p.m." watu wengi hujiuliza ni adhuhuri au usiku wa manane, kwa hiyo neno "noon" lina kazi. Waweza pia kuandika "noon" peke yake.

"PIN number" na "ATM machine" ni makosa makubwa?

Makubwa hapana. N ya mwisho katika "PIN" ndiyo "number", M ya "ATM" ndiyo "machine", V ya "HIV" ndiyo "virus", na F ya "PDF" ndiyo "format". Katika maandishi rasmi, kata. Katika mazungumzo sikusumbui, kwa sababu sikio likisikia "pin" peke yake laweza kufikiria pini ya nguo, na "number" humsaidia msikilizaji. Kwa Kiswahili tuna "namba ya siri", nalo ni zuri, ila hiyo ni habari nyingine.

Mimi ni muongoza watalii. Ni maneno gani niyaangalie?

La kwanza ni "very unique". "Unique" ni cha pekee, hakina cha pili. Kitu hakiwezi kuwa cha pekee sana au cha pekee kidogo. Sema "unique" ukiwa na hakika hakuna kingine. La sivyo "unusual" au "rare". Na bora zaidi, mwambie mgeni ni nini hasa kilichofanya kiwe cha pekee. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Hilo ukilisema waziwazi, pamoja na kuonyesha mlango uliochongwa ulio mbele yake, mgeni hahitaji "very".

La pili ni "built and constructed between the years 1813 to 1821". Nimeisikia ikisemwa kuhusu ngome yetu mara nyingi. "Built" na "constructed" ni moja. "The years" haihitajiki, maana 1813 haiwezi kuwa mwezi. Na "between" huenda na "and", si "to". Sisi husema "kati ya 1813 hadi 1821", kumbe hata kwa Kiswahili hiyo "hadi" ni ya "kuanzia". Basi: "The fort was built between 1813 and 1821."

Wenzetu wa Malindi wanaowapeleka wageni Gedi nao wana "ancient old ruins" na "abandoned and left". Gedi ina msikiti, jumba la kifalme, visima na makaburi. Muda unaookoa kwa kufuta "old", utumie kumwonyesha mgeni kisima.

Je, "chai tea" kwenye menyu?

Hii hutuchekesha sisi kwa sababu twasikia "chai chai". Lakini katika Kiingereza cha leo "chai" imekuwa jina la chai ya viungo hasa, kwa hiyo mgeni hasikii marudio unayoyasikia wewe. Ni sawa na "Sahara Desert": kwa Kiarabu Sahara ni majangwa, lakini Mwingereza halijui hilo.

Kwenye menyu yako, mimi ningekushauri uandike "chai" kisha ueleze ina nini: iliki, tangawizi, maziwa. Maelezo si maneno ya ziada. Hivyo hivyo na "kikoi", usiandike "kikoi cloth" ukanyamaza, eleza kwamba huvaliwa kiunoni. Wengine huniuliza kuhusu "Lamu Island". Hiyo iache. Lamu ni mji, ni kisiwa, na ni kaunti, kwa hiyo "Island" yasema ni Lamu ipi.

Mbona wanasheria wenyewe huandika maneno mawili mawili?

Kwa sababu ya historia. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa na Kilatini vikawa lugha za mahakama, huku raia wakisema Kiingereza. Sheria ya mwaka 1362 ndiyo iliyoamuru kesi zizungumzwe kwa Kiingereza. Katika mchanganyiko huo waandishi wa hati walizoea kuweka neno la kila upande. Katika "will and testament" la kwanza ni la Kiingereza cha kale na la pili la Kilatini. Katika "breaking and entering" la kwanza ni la Kiingereza na la pili lilitoka Kifaransa. Sisi hatuwezi kushangaa sana, maana twasema "amani na utulivu", moja la Kiarabu na moja la Kibantu, na yamekaa vizuri mdomoni.

Ukiwa na mkataba wa kukodisha nyumba, usiyafute maneno hayo mwenyewe. Mwulize wakili. Lakini usiyaazime kuyapeleka katika barua ya kuomba mchango wa harusi. "Each and every" haina nguvu kuliko "every".

Vineno vidogo kama "up" na "down" vyote ni vya ziada?

La. "Sit down", "wake up", "write down", "go back" na "come back" ni Kiingereza kizuri. Hapa ndipo kidole kinapofaa. "Go back" ukifuta "back" umebaki na "go", na maana imepotea. "Return back" ukifuta, maana ipo. "Fill in the form" yataka "in" yake. "Cope up with" haiitaki "up", sema "cope with". "Descend down" na "join together" punguza. Twajua kwetu "panda juu" na "shuka chini". Hata Kiswahili hakikukosa mzigo huu.

Kibao changu cha mashua kitapunguzwa vipi?

Wachoraji wengi hutoza kwa herufi, kwa hiyo hapa maneno ya ziada ni pesa taslimu. Kijana mmoja alikuja na ubao tayari umepakwa rangi nyeupe, na karatasi yenye maneno haya: DAILY TRIPS EVERY DAY TO TAKWA RUINS AND MANDA TOTO. CHILDREN FREE OF CHARGE. Tukahesabu herufi 62. "Daily" ndiyo "every day", na "free" haimhitaji "of charge" mbele ya mtoto. Zikabaki 46. Nafasi iliyopatikana ilitosha namba ya simu, ambayo katika ile karatasi ya kwanza haikuwamo kabisa. Herufi nazo zikawa kubwa, zinasomeka kutoka gatini.

Programu ya simu inayosahihisha Kiingereza si inatosha?

Husaidia kwa vifungu vilivyozoeleka. Haimjui mgeni wako wala nahodha wako. Soma kwa sauti kwanza, kisha uiangalie.

Kuna wakati kurudia ni lazima?

Upo, na baharini ndipo hasa. Mwito wa hatari kwa redio ni "Mayday", na kanuni ni kuutamka mara tatu, kisha jina la chombo nalo mara tatu. Upepo, injini na mikwaruzo ya redio humeza maneno, na lile litakalosikika huenda likawa la tatu. Nahodha yeyote asije akaambiwa na mtu, hata na mimi, kwamba huko afupishe.

Tarehe nayo iandike pamoja na siku, "Friday 14 March". Siku na tarehe zikikosana, mmoja atagundua kabla chombo hakijaondoka. Kiasi cha fedha katika hati kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sababu sifuri moja huteleza upesi. Na ukimwagiza kijana wa chombo akampokee mgeni, mwambie "10 a.m., saa nne". Nimeona mtu akisubiriwa gatini saa kumi jioni kwa sababu ya namba hiyo.

Mwalimu anataka insha ya Kiingereza ijae ukurasa. Mtoto wangu akifupisha si atakosa alama?

Wazazi huniuliza hili kwa wasiwasi, na nauelewa, kwani nami nilifundishwa hivyo hivyo: jaza ukurasa. Mtoto asiyekuwa na cha kusema huujaza kwa "big in size".

Msichana mmoja wa Langoni aliniletea insha yenye sentensi hii: "The donkey was very big in size and grey in colour in appearance." Nikamwambia afute, zikabaki "The donkey was big and grey." Akahuzunika, maana mstari mzima ulikuwa umekwenda. Nikamuuliza, punda huyo alikuwa wapi? Akasema alisimama mlangoni kwa bibi, kichochoroni, na magunia ya mchanga pande zote mbili. Watu walifanyaje? Wakasimama foleni. Bibi je? Alikuwa ndani, anamwita mwenye punda kupitia dirishani, na mwenye punda alikuwa amekwenda kuswali.

"Andika hayo," nikamwambia. Akakaa pembeni ya meza yangu mpaka alasiri, akaandika kurasa mbili.